Dukani vililingana, nje vikaachana: rangi ya kitambaa iko wapi?

Swali: "Mtaalamu, habari za kazi. Mimi ni fundi cherehani, nipo Morogoro. Nimepewa kazi ya magauni 12 ya wapambe wa bibi harusi, rangi ya damu ya mzee. Nilinunua kitambaa cha pamba mita 42, na satini ya kola na mikanda mita 9, kwenye duka lenye taa za tyubu. Nilivilaza pamoja juu ya meza pale pale, vikawa kitu kimoja. Kesho yake nimevitoa barazani, nikashtuka: pamba imekuwa nyekundu, satini imebaki kama kahawia. Usiku nikivirudisha ndani kwenye taa vinakaribiana tena. Je, nimebadilishiwa mzigo? Na hivi rangi yenyewe inakaa wapi, kwenye kitambaa, kwenye taa au kwenye macho yangu?"

Jibu: Hukubadilishiwa mzigo, fundi, na ushahidi umeutoa mwenyewe. Satini iliyobadilishwa kwa hila isingerudi kufanana na pamba usiku. Vitambaa ni vile vile ulivyovikunja dukani, na macho ni yale yale. Kilichobadilika kati ya duka na baraza ni mwanga, na mwanga ni theluthi ya rangi. Theluthi nyingine ni dawa ya rangi iliyotiwa kwenye nyuzi, na ya mwisho ni jicho. Ukibadilisha mojawapo, rangi inabadilika.

Tuanze na mwanga. Lugha yetu inasema "kutupa jicho", kana kwamba kuna kitu kinatoka machoni kwenda kugusa kinachotazamwa. Wanafalsafa wengi wa kale waliamini hivyo hasa. Aliyeivunja hoja hiyo kwa nguvu ni Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra, aliyeandika kitabu kikubwa cha elimu ya kuona mwanzoni mwa karne ya 11. Alieleza kwamba jicho halitupi kitu: mwanga hutoka kwenye jua au taa, hugonga kitu, kisha sehemu yake huakisiwa na kuingia jichoni. Kwa hiyo ukiitazama pamba yako barazani, unachopokea ni mabaki ya mwanga wa jua baada ya pamba kuchukua sehemu yake.

Mabaki hayo yanategemea kilicholetwa. Mwanga wa jua tunauona mweupe, lakini ni mchanganyiko wa mawimbi ya urefu tofauti, kama Isaac Newton alivyoonyesha kwa kioo chenye pembe tatu katika matokeo aliyoyachapisha mwaka 1672. Urefu huo hupimwa kwa nanomita, ambayo ni milimita moja iliyogawanywa mara milioni. Jicho linaona kuanzia 380 hivi, upande wa urujuani, hadi 700 na kidogo, upande wa nyekundu. Bluu iko karibu na 450, kijani 530, njano 580, chungwa 600, na kuanzia 620 kwenda juu ni wekundu unaozidi kukolea. Jua la mchana linaleta yote bila kuacha pengo kubwa. Taa ya tyubu haileti yote. Tutarudi hapo, maana ndipo penye kesi yako.

Mwanga ukifika kwenye kitambaa, mambo mawili hutokea kwa wakati mmoja. Fungu dogo, karibu asilimia 4, linarudi pale pale juu ya uso wa uzi bila kuingia ndani. Fungu hili halijakutana na dawa ya rangi, kwa hiyo linarudi na rangi ya taa yenyewe. Ndiyo maana mng'ao juu ya satini nyekundu ni mweupe, si mwekundu. Fungu lililobaki linaingia ndani ya nyuzi, linagonga huku na kule, dawa inafyonza baadhi ya mawimbi, na yanayosalia yanatoka nje. Hiyo ndiyo rangi ya kitambaa.

Tofauti ya pamba na satini inaanzia hapo. Uso wa pamba una vinyweleo na mabonde, kwa hiyo ile asilimia 4 inatawanyika kila upande. Popote utakaposimama utaipokea kidogo, nayo inaififisha rangi kama maji kwenye chai. Satini imefumwa kwa nyuzi zinazoelea juu ya nyuzi nne au zaidi kabla ya kuzama, hivyo uso wake unakaribia kuwa kioo: mwanga unaokuja kwa pembe fulani unarudi kwa pembe hiyo hiyo upande wa pili. Ukisimama kwenye njia ya mng'ao unaona weupe, ukihama hatua moja unaona rangi nzito iliyokolea. Chukua kipande chako cha satini ukilaze mezani dirishani, kisha kigeuze robo duara bila kukiinua. Kitabadilika mbele ya macho yako ilhali hakuna mwanga ulioongezwa. Kwa sababu hiyo vipande vyote vya satini vya gauni moja lazima vikatwe kuelekea upande mmoja, na velveti vivyo hivyo. Fundi anayegeuza mtindo ili kuokoa nusu mita anapata gauni la rangi mbili, kisha lawama zinaenda kwa mwenye duka.

Kitambaa kikilowa kinakuwa cheusi zaidi kwa sababu inayofanana na hii. Maji yanaziba nafasi za hewa kati ya nyuzi, mwanga unazama zaidi na kufyonzwa zaidi kabla ya kupata njia ya kutoka. Basi usilinganishe kitambaa kilichotoka kuloweshwa na kile kikavu.

Sasa dawa yenyewe. Pamba hutiwa rangi kwa dawa zinazojifunga kwenye nyuzi ndani ya maji ya joto la wastani, mara nyingi nyuzijoto 60 hivi. Satini nyingi za bei ya kawaida ni poliesta, ambayo dawa hizo haziishiki kabisa. Poliesta inataka dawa za aina nyingine, zinazopenyezwa kwa nyuzijoto 130 hivi ndani ya chombo chenye shinikizo. Kama huna uhakika na satini yako, choma nyuzi mbili tatu kwa kiberiti juu ya sahani: poliesta inayeyuka na kuganda kama ushanga mgumu mweusi, pamba inaungua kwa harufu ya karatasi na kuacha jivu laini. Ikiwa yako inayeyuka, basi pamba na satini zako zimetiwa dawa mbili tofauti katika viwanda ambavyo huenda havijuani. Dawa hizo mbili zinaweza kukupa "damu ya mzee" kila moja kwa njia yake. Moja inarudisha wekundu mwingi uliokolea wa nanomita 660, nyingine inarudisha zaidi wekundu wa karibu na chungwa, 610.

Swali ni kwa nini jicho halikuiona tofauti hiyo dukani. Jibu lake liko ndani ya jicho.

Mwanga unaingia kupitia konea, kile kioo cha mbele, ambacho peke yake kinafanya karibu theluthi mbili ya kazi ya kuupinda. Unapita kwenye tundu la mboni, ambalo hupanuka na kusinyaa kati ya milimita 8 na 2, unarekebishwa na lenzi, kisha unatua nyuma kwenye retina. Retina ina seli za aina mbili. Zipo kama milioni 120 za mwanga hafifu, ambazo hazijui rangi, na kama milioni 6 za rangi, zilizorundikana zaidi katikati, pale unapoelekeza jicho unapotunga uzi kwenye sindano.

Seli za rangi ziko za aina tatu tu. Moja husisimka zaidi kwa mawimbi mafupi ya karibu 420, ya pili kwa 530 na ushee, ya tatu kwa 560 hivi. Wazo kwamba jicho lina vipokezi vitatu lilitolewa na Mwingereza Thomas Young mwaka 1802, muda mrefu kabla ya mtu yeyote kuweza kuzipima seli zenyewe. Kila seli inajua kuhesabu tu. Inapeleka kwenye ubongo taarifa ya ni kiasi gani imesisimka. Haisemi ni wimbi lipi lililoisisimua. Mwanga mdogo wa 610 na mwanga mwingi wa 660 vinaweza kuisisimua seli ile ile kwa kiwango kile kile, nayo ikatoa taarifa moja. Kwa hiyo vitambaa viwili vinavyorudisha mawimbi tofauti kabisa vinaweza kuonekana rangi moja, alimradi hesabu za seli tatu zitoke sawa. Huo ulingano ni wa chini ya taa ile tu.

Tupige hesabu kwa mfano uliorahisishwa. Tuchukue maeneo mawili tu ya mwanga, 610 na 660, na tuseme seli ya tatu inaihesabu 610 kwa ukamilifu na 660 kwa robo tu, maana jicho ni zito kwa wekundu uliokolea. Pamba yako irudishe asilimia 20 ya 610 na asilimia 60 ya 660. Satini irudishe asilimia 22 na 20.

Taa ya duka inatoa mwanga 100 kwenye 610 lakini 20 tu kwenye 660. Pamba inarudisha 20 za kwanza, pamoja na 12 za pili ambazo jicho linazihesabu kama 3. Jumla 23. Satini inarudisha 22, pamoja na 4 zinazohesabiwa kama 1. Jumla 23. Sare kabisa! Hata ungekaza macho namna gani, usingeona tofauti, kwa kuwa taarifa iliyofika kwenye ubongo ni moja.

Toka barazani, ambako tuseme kuna 100 kwenye maeneo yote mawili. Pamba: 20 na 15, jumla 35. Satini: 22 na 5, jumla 27. Pamba imeruka, satini imejikokota nyuma. Na kwa nini satini iliyobaki nyuma inaonekana kahawia, badala ya kuwa tu nyekundu iliyofifia? Kwa sababu kahawia haimo kwenye upinde wa mvua. Kahawia ni rangi ya chungwa yenye mwanga mdogo, ikiwa karibu na kitu kinachong'aa kuizidi. Satini yako inarudisha wekundu ulioegemea chungwa, mwanga wake ni mdogo, na jirani yake ni pamba iliyowaka. Masharti yote ya kahawia yametimia.

Nilisema tutarudi kwenye taa. Tyubu nyingi za kisasa hutengeneza weupe wake kwa milia michache ya mwanga, mmoja wa bluu, mmoja wa kijani na mmoja mwembamba wa nyekundu karibu na 611. Kupita 650 kuna kidogo sana. Balbu nyeupe za LED hutumia kipande kinachotoa bluu ya karibu 450 kilichofunikwa unga wa njano. Wekundu wake uliokolea nao ni haba, hasa kwenye zile za bei ndogo. Ndiyo maana nyumbani usiku vitambaa vilikaribiana tena. Unaweza kuliona hili kwa CD kuukuu: simama chini ya tyubu, elekeza upande wake unaong'aa hadi uone taswira ya taa, kisha uinamishe taratibu. Rangi zitatokea kama milia iliyoachana, na giza katikati. Fanya hivyo hivyo dirishani kwa mwanga wa anga, si jua lenyewe, nawe utaona rangi zimeungana bila kukatika. Usiliakisi jua machoni kwa CD hata kidogo. Linaunguza retina, na retina haina maumivu ya kukuonya.

Kwenye boksi la balbu kuna namba mbili ambazo fundi anapaswa kuzisoma. Ya kwanza ni ile yenye herufi K: 2700K au 3000K ni mwanga wa manjano wa sebuleni, 4000K uko katikati, 6500K ni mweupe unaoelekea bluu. Hiyo inakuambia weupe wa taa tu, wala haikuambii kama rangi zitaonekana sawasawa. Ya pili huandikwa CRI au Ra: inapima jinsi taa inavyoonyesha rangi kwa usahihi, na kilele chake ni 100. Taa za kawaida ziko kwenye 80. Kwa chumba cha kushonea tafuta 90 au zaidi. Hata hiyo ina tundu: Ra hupimwa kwa sampuli nane za rangi zilizopoa, na nyekundu iliyokolea si mojawapo. Nyekundu hiyo ina alama yake peke yake, R9, ambayo watengenezaji wachache huiandika. Taa yenye Ra 80 inaweza kuwa hovyo kabisa kwa damu ya mzee.

Jicho na taa bado si hadithi nzima, maana ubongo nao una mkono wake. Karatasi nyeupe chini ya balbu ya manjano inarudisha mwanga wa manjano, lakini wewe unaiona nyeupe, kwa kuwa ubongo unakisia rangi ya taa na kuiondoa. Mwaka 2015 picha ya gauni moja iligawa watu duniani kote, hawa wakiona nyeupe na dhahabu, wale bluu na nyeusi. Gauni lenyewe lilikuwa bluu na nyeusi. Picha haikuonyesha wazi ni mwanga gani ulikuwepo, kwa hiyo kila ubongo ulikisia wake. Rangi ya jirani nayo inavuta. Mkemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul, aliyesimamia upakaji rangi katika kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins, Paris, alipokea malalamiko kwamba nyeusi ya kiwanda haikolei. Akaipima, akakuta dawa haina kasoro. Nyeusi ilionekana dhaifu kwa sababu ilifumwa kando ya bluu na zambarau. Kitabu chake kuhusu jambo hilo kilitoka mwaka 1839, na hadi leo ni hoja nzuri ya kumtuliza mteja anayedai uzi umechuja.

Macho nayo huchoka kwa rangi. Kodolea kipande chako cha pamba juani kwa sekunde 30 bila kuhamisha macho, kisha tazama karatasi nyeupe: utaona kivuli cha kijani-bluu chenye umbo la kipande kile. Seli zinazojibu wekundu zimelegea, zile nyingine zinazidi nguvu kwa muda. Sasa fikiria mteja aliyepekua majora kumi ya nyekundu kabla hajafika kwenye lako. Hukumu yake ya jora la kumi na moja si ya kutegemea.

Kwa mtu wa kazi yako, huu ndio utaratibu ninaoupendekeza.

Beba kipande cha kitambaa cha kutosha, angalau upana wa kiganja, na ukikunje mara mbili au tatu ili meza isionekane kwa chini. Kipande kidogo kama ukucha hakifai, hasa kwa bluu nzito na nyeusi: katikati kabisa ya retina, pale penye uoni mkali kuliko kote, hakuna seli za mawimbi mafupi, na doa dogo la bluu nzito linakuwa jeusi tu. Ndiyo maana mafundi hushona suruali nyeusi kwa uzi wa bluu bila kujua. Vigusanishe vitambaa ukingo kwa ukingo bila kuacha upenyo, maana hata mstari mwembamba wa meza ukiingia katikati jicho linapoteza uwezo wa kugundua tofauti ndogo. Kisha badilisha nafasi, wa kulia uende kushoto, na uvigeuze robo duara. Tofauti inayohama na nafasi ni ya mwanga au mfumo wa nyuzi. Inayobaki na kitambaa ni ya dawa.

Toka nje ya duka. Ukiambiwa "hata hapa ndani panaonekana", jibu kwa heshima na utoke. Simama kwenye kivuli kilicho wazi juu, penye mwanga wa anga, kati ya saa tatu asubuhi na saa kumi jioni hivi. Jua la moja kwa moja linatia mng'ao mwingi, na la magharibi limeshapoteza bluu. Jihadhari na turubai. Soko zima linaweza kuwa chini ya turubai la bluu, na hapo unalinganisha vitambaa ndani ya mwanga wa bluu ukidhani uko nje. Mwavuli mwekundu wa kampuni ya simu, ukuta uliopakwa kijani, hata shati lako la njano, vyote vinaakisi rangi yao juu ya kazi yako.

Usifanye hukumu saa moja jioni. Mwanga ukipungua, seli za rangi zinaachia zamu kwa zile za mwanga hafifu, ambazo kilele chake ni 500 hivi na kwa nyekundu iliyokolea karibu hazioni. Majani yanabaki kuonekana, damu ya mzee inageuka nyeusi. Ukitoka juani kuingia stoo yenye giza, seli hizo huhitaji kama nusu saa kuzoea kikamilifu, lakini hiyo haitakusaidia kitu kwa rangi.

Baada ya kivuli, rudia chini ya tyubu au LED nyeupe, kisha chini ya taa ya manjano. Vikilingana kwenye mianga yote mitatu, nunua. Vikilingana kwenye miwili, jiulize gauni litavaliwa wapi. Viwanda vya nguo hufanya jambo hili hili ndani ya kasha lenye taa kadhaa zilizosanifiwa, mojawapo ikiiga mwanga wa mchana wa 6500K.

Uzi ulinganishe kwa kuufumua kidogo kutoka kwenye kibonge na kuulaza uzi mmoja juu ya kitambaa. Kwenye kibonge nyuzi zimebanana, mwanga unanaswa kati yake, zinaonekana nzito kuliko zitakavyokuwa kwenye mshono. Ukikosa unaolingana sawasawa, chukua uliokolea kidogo kuliko kitambaa. Na kama mita ulizohitaji zinatoka kwenye majora mawili, linganisha namba za loti, yaani fungu lililotiwa rangi kwa pamoja, kwenye lebo. Loti mbili za kiwanda kimoja zinaweza kutofautiana hata kama jina la rangi ni lile lile.

Kwa kuwa ni harusi, neno moja kuhusu nyeupe. Vitambaa vingi vyeupe, na sabuni nyingi za unga, vina kemikali inayofyonza miali ya urujuanimno ya jua, ambayo hatuioni, na kuitoa kama mwanga wa bluu. Nje vinawaka kuliko nyeupe ya kawaida. Taa za LED karibu hazina miali hiyo, kwa hiyo shela na gauni vinaweza kuwa pacha dukani, kisha kanisani mlangoni shela likang'aa kibluu na gauni likaonekana la krimu. Nyeupe usiinunue ndani kamwe.

Na picha za WhatsApp? Zitumie kuchagua mtindo, si rangi. Kamera ya simu ina vichujio vitatu visivyofanana na seli zako tatu. Vitambaa ambavyo jicho linaviona sawa kamera inaweza kuvitenganisha, na kinyume chake. Juu ya hapo simu inakisia rangi ya taa na kuirekebisha bila kukuuliza. Kioo chake chenyewe kina vidoa vya nyekundu, kijani na bluu tu. Dondoshea tone dogo la maji kwenye picha ya njano uvione: hakuna hata kidoa kimoja cha njano mle, ni nyekundu na kijani vinavyolihadaa jicho.

Uliuliza pia kuhusu macho yako. Nina shaka yana kasoro, maana uliiona tofauti mara tu ulipotoka nje. Lakini wapo wasioiona. Upofu wa rangi wa kurithi huwapata zaidi wanaume. Kwa watu wenye asili ya Ulaya ni karibu wanaume 8 kati ya 100, kwa Waafrika kwa kawaida ni wachache zaidi. Kwao damu ya mzee, kahawia na kijani kizito vinaweza kuchanganyika. Umri nao hufanya lenzi iwe ya manjano polepole, na mtoto wa jicho huzidisha, hivyo fundi mzee anaweza kupata shida na bluu na nyeupe. Kwa mzigo mkubwa, mwombe kijana wa dukani kwako naye atazame, bila kumwambia kwanza wewe umeona nini.

Tumalizie na mita zako 51. Usijaribu kuitia satini rangi nyingine kwenye sufuria. Kama ni poliesta, dawa za pamba hazitashika, na joto la maji yanayochemka halifiki zile 130. Utapata madoa na mikunjo isiyotoka. Usitegemee kwamba sherehe ni ya usiku. Ukumbi ukiwa na balbu za zamani za waya, ambazo wekundu wake uliokolea ni mwingi, hali inakuwa mbaya zaidi: weka 130 kwenye 660 katika hesabu yetu, pamba inapata 39.5 na satini 28.5. Pengo limekua kutoka 8 hadi 11. Flashi ya mpiga picha nayo iko karibu na mwanga wa mchana, na picha ndizo zitakazobaki.

Kama satini hujaikata, jaribu kwanza kuirudisha, na uende na kipande cha pamba hadi mlangoni mwa duka ili mwenye duka aone mwenyewe. Akikataa, zungumza na bibi harusi kuhusu mkanda wa rangi tofauti waziwazi, dhahabu au krimu, kwa kuwa tofauti kubwa inasomeka kama mtindo na tofauti ndogo inasomeka kama kosa. Akishikilia damu ya mzee, kata kola na mikanda kwenye pamba ile ile. Ukilazimika kutumia satini kwa nje, itenganishe na pamba kwa utepe mwembamba mweusi, ili kingo zisigusane. La sivyo mita 9 kwa magauni 12 ni sentimita 75 kila moja, zinatosha bitana ya sehemu ya kifua, ambako satini haitakaa bega kwa bega na pamba.